Mbwa Amekabwa, Mbwa Amepotea: Kutatua Matatizo ya Kola na Kitambulisho

Kola ya mbwa hubeba kazi mbili zinazopingana. Inatakiwa ikae shingoni isitoke, ili atakayemkuta mbwa njiani ajue ana mwenyewe na ampigie nani. Papo hapo inatakiwa isimuue siku itakaponasa kwenye uzio, kwenye tawi au kwenye jino la mbwa mwenzake. Kola ngumu isiyoachia hutambulisha vizuri, na hukaba vizuri vilevile. Kola inayofunguka upesi huokoa shingo, kisha mbwa akabaki mtupu barabarani, hana anayemjua.

Hapa Busia, upande wa Uganda, tunapozunguka mitaani na chanjo ya kichaa cha mbwa, naona shingo nyingi. Matatizo karibu yote yana mzizi mmoja: mkanda mmoja umetwishwa kila kazi, kufunga, kutambulisha, kuua kupe na kupendeza. Kwa hiyo ushauri wangu nautoa mapema, na nitaurudia pale dalili itakapoudai. Mkanda wa kumfungia mbwa uwe mwingine, mkanda wenye namba ya simu uwe mwingine, na chipu, kile kidude chenye namba kinachopandikizwa chini ya ngozi, kwa mwenye uwezo, iwe akiba. Sasa tafuta dalili inayokusumbua.

Shingo inanuka au uso umevimba

Ukisikia harufu ya uozo kabla hujaona kidonda, iamini pua yako. Mbwa mwenye manyoya mengi anaweza kuficha jeraha la mzunguko mzima wa shingo, na mwenyewe akadhani harufu ni ya jalala alilolalia. Pitisha vidole chini ya kola na uzunguke nayo mpaka urudi ulipoanzia. Vidole vikikwama, vikitoka na majimaji, au usipoiona kamba kabisa ilhali unajua ulimfunga, basi kamba imezama nyamani.

Chanzo hakibadiliki: mbwa alifungwa akiwa mdogo, shingo ikakua, kamba ikabaki vilevile. Vibaya zaidi ni kamba nyembamba ya nailoni, waya, na kipande cha tyubu ya baiskeli. Tyubu inawadanganya watu wengi. Kwa kuwa inavutika, mtu hudhani itajipanua yenyewe kadiri mbwa anavyokua. Lakini mpira uliovutika hubana saa zote, usiku na mchana, na haupitishi hewa.

Mzee mmoja alituletea mbwa wa kienyeji mwekundu, uso umevimba hadi macho yamekuwa membamba. Nikamuuliza, "Mzee wangu, huyu alifungwa lini?" Akajibu, "Akiwa mtoto, daktari. Kamba yenyewe ilishakatika kitambo." Haikuwa imekatika. Tulipolowesha manyoya kwa maji ya vuguvugu na kuyatenganisha, ulionekana mstari mwekundu chini ya taya, ngozi imeanza kuota juu ya nailoni ya buluu, na ncha ya fundo imechomoza nyuma ya sikio. Uso ulivimba kwa sababu mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka kichwani hupita pembeni mwa shingo, si mbali na ngozi, na kamba ilikuwa imeifinya.

Kama kola imebana tu bila kuzama, ikate kwa mkasi wenye ncha butu. Osha ngozi kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha acha shingo wazi mpaka ipone kabisa. Kama imezama, usiivute hata kidogo, wala usijaribu kuikata kwa wembe huku watu wamemkandamiza mbwa chini. Mishipa iko jirani mno. Daktari wa mifugo atamlaza kwa dawa, akate kamba, asafishe na kumpa dawa ya kuua vijidudu. Kuna watu humwagia mafuta ya taa, petroli, oili chafu ya injini au unga wa betri. Vyote hivyo huunguza nyama iliyo wazi, na mbwa akijilamba vinaingia tumboni. Ukiona mabuu yanatembea ndani ya kidonda, hiyo ni safari ya daktari siku hiyohiyo.

Kuzuia ni rahisi na hakuna gharama. Vidole viwili, vimelala bapa, vipite kati ya kola na shingo bila kusukuma. Kwa mtoto wa mbwa, pima hivyo kila wiki. Aina kubwa kama German Shepherd hupita tundu la kola haraka sana katika miezi ya mwanzo. Na kama mbwa wako alivishwa kamba ya plastiki kwenye kampeni ya chanjo ili ajulikane amechanjwa, ile ni alama ya muda. Kwa mbwa mzima uilegeze, kwa mtoto uikate kampeni ikiisha. Cheti ndicho ushahidi, kamba si ushahidi.

Manyoya yamenyonyoka shingoni

Tazama upara umeishia wapi. Upara ukifuata mstari wa kola tu na kwingine kote mwili ni mzima, mshukiwa ni kola. Ukiona upara pia kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo, tena mbwa anajikuna hata usiku, huo ni upele au ugonjwa mwingine wa ngozi, na kubadilisha kola hakutasaidia. Hapo unahitaji dawa, na wakati mwingine watu wa nyumbani nao huanza kuwashwa.

Upara wa kola una sababu chache. Kola nzito au pana kupita kiasi husugua. Bizimu ya chuma cha bei rahisi inaweza kumletea mbwa mzio, na utaona uwekundu umekaa pale pale bizimu inapogusa. Lakini sababu ninayoikuta zaidi ni unyevu. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba kwa sisi wa kusini na mashariki, kola ya ngozi hulowa asubuhi na haikauki mpaka jioni. Ngozi chini yake inalainika, vijidudu vinaingia, panakuwa na kidonda chenye majimaji kinachosambaa kwa siku moja mbili. Ngozi hiyo ya kola ikianikwa juani hukakamaa na kukata kwa ukingo. Kwa mbwa anayelala nje, mkanda wa nailoni uliofumwa, laini ukingoni, ni bora kuliko ngozi. Uvue mara moja kwa wiki, ufue kwa sabuni, uukaushe kabisa ndipo umrudishie. Wakati huohuo kagua kupe, maana hupenda kujificha chini ya kola.

Anakohoa, anakoroma au anatoa sauti ngeni

Akikohoa pale tu anapovuta kamba, tatizo ni mkandamizo wa koo. Mbwa wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa pete za gegedu zinazoshikilia bomba lao la hewa huwa dhaifu na zinaweza kulala. Kuvuta kwa kola hupandisha pia shinikizo ndani ya macho, jambo ambalo halitokei mbwa akivalishwa mkanda wa kifuani. Basi anayevuta sana atembezwe kwa mkanda wa kifuani, kola ibaki na kazi ya kubeba namba tu. Mnyororo wa kunyonga, ule unaojikaza mbwa akivuta, mimi simshauri mtu yeyote autumie. Kumwacha nao mbwa asiyeangaliwa ni hatari ya wazi: ukinasa mahali, hauna pa kuishia kukaza.

Akikohoa hata akiwa amelala, bila kamba, iache kola na utafute ugonjwa.

Kuna dalili moja hapa ambayo lazima uijue kwa usalama wako. Mbwa anadondosha mate, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, na anaonekana kama amekabwa na kola au kama mfupa umemkwama. Mwenye huruma hukimbilia kumfungua au kumtia mkono mdomoni. Usifanye hivyo. Kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa sura hiyohiyo, bila ukali wowote, kwa sababu misuli ya koo na taya imepooza. Mfungie ndani ya ua au chumba bila kumgusa, watoe watoto, na umwite daktari wa mifugo. Kama mate yake yamekugusa kwenye mchubuko, mdomoni au machoni, nenda kituo cha afya siku hiyo.

Kola inachomoka kichwani

Mbwa anarudi nyuma, anainamisha kichwa, kola inabaki mkononi mwako na yeye yuko katikati ya bodaboda. Wengi hukaza kola tundu moja zaidi, na hapo ndipo tatizo la kwanza linapozaliwa.

Sababu mara nyingi ni umbo. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wana kichwa chembamba na shingo nene. Basenji, mbwa wa asili ya Kongo, ana umbo hilohilo. Kola ya kawaida iliyopimwa vizuri kwa vidole viwili bado itapita masikioni. Dawa yake ni kola ya aina ya martingale, yenye kitanzi kidogo cha pili kinachoikaza kiasi mbwa anaporudi nyuma, halafu kinafika mwisho wake na kusimama. Tofauti na mnyororo wa kunyonga ni hiyo: hii ina kikomo. Pima hivi: kitanzi kikivutwa chote, kola iwe na ukubwa wa shingo, isipungue hapo. Itumie wakati wa matembezi tu. Njia nyingine ni kuunganisha kamba moja kwenye kola na kwenye mkanda wa kifuani kwa pamoja, ili kimoja kikitoka kingine kishike.

Kagua pia vifaa vyenyewe. Klipu ya plastiki iliyopigwa na jua kwa muda mrefu hupasuka ikivutwa ghafla. Ivute kwa mikono yako miwili kwa nguvu zako zote kabla ya kumwamini nayo mbwa.

Amenasa

Mbwa wawili wanacheza, taya la chini la mmoja linaingia chini ya kola ya mwenzake, mmoja anajizungusha. Sasa kola imejisokota, mmoja anakabwa, mwingine ameumia taya, wote wawili wanavutana. Ukiwatenganisha kwa kuvuta unakaza zaidi. Wasukume wakaribiane, umzungushe mmoja kinyume cha alivyojisokota, kamba ilegee. Ikishindikana, kata. Pitisha kisu kikiwa bapa kati ya kola na shingo, makali yakitazama nje, ukate kuelekea kwako. Jihadhari na meno hata ya mbwa uliyemlea mwenyewe, maana anayekosa hewa hachagui anayemuuma. Mfunike kichwa kwa koti au blanketi.

Akizimia, mlaze ubavu, nyoosha shingo, vuta ulimi mbele, na uanze safari ya kwa daktari. Hata akiamka na kutikisa mkia, mwangalie kwa siku nzima: baada ya kukabwa, mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Ukimwona anahema kwa shida au fizi zimegeuka buluu, usingoje kupambazuke.

Kunasa kwa uzio ni hadithi nyingine, na ya kusikitisha zaidi, kwa sababu hutokea usiku mbwa akiwa peke yake. Mbwa amefungwa mnyororo karibu na ukuta, anasikia mtu, anaruka, mnyororo unaishia upande wa huku na yeye yuko upande wa pili, miguu haigusi chini. Kwa mnyororo mrefu karibu na ukuta hakuna kola iliyo salama. Nguzo ya kumfungia isimame mbali na ukuta, ngazi, gari na miti, umbali ambao mnyororo ukinyooka wote bado haufiki. Weka kiungo kinachozunguka katikati ili usijisokote. Na mnyororo uwe mwepesi. Kufuli na mnyororo wa geti kwenye shingo ya mbwa humchosha mabega na kumsugua ngozi usiku kucha.

Hapa ndipo kola ya usalama inapofaa, ile yenye klipu inayoachia ikivutwa kwa nguvu. Mbwa wawili au zaidi wanaoishi pamoja wavae hiyo wakiwa huru ndani ya ua. Lakini usimfunge kwa hiyo, kwani itaachia na ataondoka. Zile zilizotengenezwa vizuri huwa na pete mbili, ukiunganisha kamba kwenye pete zote, klipu haipokei uzito na haiachii. Ndani ya kizimba au boksi la kusafiria, avuliwe kola kabisa.

Amelegea au anatokwa mate baada ya kuvishwa kola ya kupe

Kola ya kupe ni dawa, ichukuliwe kama dawa. Soma umri. Zile zenye dawa za flumethrin na imidacloprid hazivalishwi watoto wa chini ya wiki 7, na zenye amitraz zinataka mbwa mkubwa zaidi ya hapo. Ziada ya mkanda inayoning'inia ikatwe, kwa sababu mbwa mwingine huitafuna. Amitraz ikimezwa humfanya mbwa asinzie, ayumbe, mapigo ya moyo yapungue. Vua kola, muoshe shingo kwa sabuni ya kawaida na maji mengi, chukua pakiti yenyewe uende nayo kwa daktari. Kutokwa mate, kutetemeka misuli na mboni kuwa ndogo huashiria sumu ya aina nyingine, na nayo haingoji.

Wafugaji wetu wana amitraz ya kuogeshea ng'ombe nyumbani, na wengine huchovya kamba ndani yake na kumvalisha mbwa. Hakuna anayejua kipimo alichompa. Tafadhali usifanye hivi.

Amepotea akiwa na kola, na hakuna anayepiga simu

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na majibu yake ni mengi kuliko watu wanavyodhani.

Anza na swali hili: alipopotea, kola alikuwa nayo kweli? Katika nyumba nyingi za Uganda mbwa hufungwa mchana na kuachiwa usiku alinde. Jioni mwenyewe anafungua bizimu, mnyororo na kola vinabaki kwenye nguzo, mbwa anaondoka mtupu. Maana yake mbwa anabeba kitambulisho akiwa amefungwa, ambapo hawezi kupotea, na anakivua saa anazoweza kupotea. Geuza utaratibu huo. Mkanda mwepesi wenye namba ukae shingoni saa ishirini na nne, na wa mnyororo ndio uvuliwe. Usiku wa mvua ni muhimu zaidi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mbwa anayeogopa ngurumo huruka ukuta ambao siku nyingine hata hautazami. Fataki za mwaka mpya nazo zina kazi hiyohiyo.

Kisha angalia maandishi yenyewe. Namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino hufutwa na jua na mvua. Kibati kilichoning'inizwa kwa ndoano yenye umbo la S hufunguka mbwa akijikuna, na siku utakayokihitaji utakuta ndoano tupu. Tumia pete ya funguo iliyojizungusha mara mbili, au bora zaidi kibati bapa kilichopigwa ribiti kwenye mkanda wenyewe, ambacho hakinasi kokote wala hakigongani. Fundi anayechora majina kwenye vikombe vya mashindano anaweza kukuchorea. Kwa wa Kampala, maduka ya uchapaji ya Nasser Road ni pa kuanzia kuulizia.

Mimi mwenyewe napenda zaidi kazi ya fundi cherehani. Mpelekee mkanda wa nailoni wa rangi iliyokolea, mwambie ashone namba kwa uzi mweupe wa poliesta, tarakimu kubwa kadiri upana unavyoruhusu. Sababu yangu ni ya kibinadamu. Kibati chenye herufi ndogo kinamtaka mtu ainame, amshike mbwa asiyemjua na kusoma karibu na meno yake. Katika nchi ambako kichaa cha mbwa bado kipo, watu wengi hawatafanya hivyo, na hawana kosa. Namba kubwa iliyoshonwa inasomeka kutoka hatua kadhaa, au kwa picha ya simu iliyokuzwa.

Halafu namba gani? Kwetu hapa mpakani kuna mtego. Mbwa anavuka kwenda Busia ya upande wa Kenya bila kuulizwa kitu na mtu. Kibati kinasema 077 na tarakimu nyingine saba. Mama muuza mboga wa upande ule anapiga kwa laini yake ya Kenya, ambako namba za simu nazo huanza na 07 na zina urefu uleule, na simu inaita kwa mtu mwingine kabisa. Yule anakana kuwa na mbwa, mama anakata, habari imeishia hapo. Andika +256 kisha namba bila sifuri ya mwanzo. Kwenye mipaka mingine, Malaba, Mutukula na Katuna, ni vivyo hivyo. Weka namba mbili za watu wawili tofauti, kwa kuwa simu moja itakuwa imezima. Na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, basi mara moja moja ipigie namba ya kwenye kola uone nani anaitika.

Kuhusu jina la mbwa, naona lisiandikwe. Anayemrudisha hahitaji kumwita, anayemwiba ndiye atalitumia. Nafasi hiyo andika AMECHANJWA, kama ni kweli. Neno hilo hupunguza hofu, na hofu ndiyo inayowafanya watu watupe mawe badala ya kupiga simu.

Vifaa vya kufuatilia vina nafasi yake. Chenye GPS na laini ya simu hufanya kazi kama unakumbuka kukichaji. AirTag, kile kifaa kidogo cha Apple cha kutafutia vitu, hutegemea simu za iPhone zinazopita karibu, kwa hiyo katikati ya Kampala inaweza kukusaidia na kijijini Namayingo ikanyamaza kimya. Ina betri bapa ambayo mbwa akiitafuna na kuimeza humuunguza umio, basi ifungwe ndani ya mfuko imara.

Ukiwa unatafuta, anza karibu, alfajiri, kukiwa kimya. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwenye stendi ya boda, bucha na jalala la soko, maana hao ndio wanaoona mbwa mgeni kwanza. Peleka picha inayoonyesha mabaka na mkia, si ile ya uso peke yake. Fanya haraka, kwa sababu katika baadhi ya miji mbwa wazururaji hutegewa nyama ya sumu, na sumu haisomi kola.

Chipu haionekani kwenye skana

Chipu ina ukubwa wa punje ya mchele, milimita 12 hivi, na hupandikizwa chini ya ngozi kati ya mabega. Haina betri, haina GPS, haimwonyeshi mbwa alipo. Inatoa namba moja tu, ya tarakimu 15, pale skana inapoisogelea. Kwa hiyo ukiambiwa haionekani, omba skana ipitishwe polepole mabegani, shingoni, kifuani na hadi miguu ya mbele, kwa maana chipu huhama. Uliza pia kama skana inasoma chipu za viwango vya ISO 11784 na 11785, zenye masafa ya kilohezi 134.2. Chipu za zamani za masafa mengine zinaweza zisisomeke.

Namba ikisomeka lakini hakuna anayejua mwenyewe, kosa liko kwenye usajili. Namba bila daftari ni tarakimu tu. Muulize aliyemchoma: imeandikwa kwenye hifadhidata ipi, kwa jina la nani, kwa simu ipi? Ingia uhakikishe mwenyewe. Tarakimu tatu za mwanzo zikianzia na 9 kwa kawaida zinaonyesha kampuni iliyotengeneza, hazikuambii mbwa ni wa nchi gani. Msimbo wa Uganda katika orodha hiyo ni 800, wa Kenya ni 404.

Anayepanga kusafiri na mbwa kwenda nchi za Umoja wa Ulaya ajue mpangilio: chipu kwanza, chanjo ya kichaa baada yake. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na utaanza upya pamoja na kipimo cha damu na miezi mitatu ya kungoja.

Kwa mbwa wa nyumbani asiyesafiri, chipu isichukue nafasi ya kola. Anayemkuta mbwa wako kwanza ni kijana wa boda au mtoto anayechota maji, na hao hawana skana.

Ameuma mtu na hakuna anayejua ni wa nani

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo. Hili halingoji mbwa atambuliwe, kwa kuwa dalili za kichaa zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno.

Sasa kola inaingia. Mbwa mwenye namba anaweza kupatikana, kufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku ile ya kuuma, ataugua au kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, daktari wa aliyeumwa ana taarifa ya kufanyia kazi. Mbwa asiye na alama hukimbizwa au kuuawa papo hapo, na aliyeumwa anabaki na sindano zote na wasiwasi wote. Kwa hiyo namba ya shingoni inamlinda jirani kama inavyomlinda mbwa, na jirani asiyependa mbwa ana haki ya kuidai.

Chanjo ya kwanza huanza mbwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka au kama cheti kinavyosema. Mitaa ambayo mbwa 70 kwa kila 100 wamechanjwa huweza kuukata mnyororo wa maambukizi. Wengi huchanjisha karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nayo ni tarehe rahisi kukumbuka. Siku hiyo piga picha ya cheti, kola ilivyo shingoni, na mbwa mzima kwa pande zote mbili. Zihifadhi kwenye simu yako na umtumie mtu mmoja mwingine nyumbani, kwa sababu simu nayo huibwa.